Mama Hodi

Ujiji,
5 Februari 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo.

Usishtuke kuona barua. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya nepi, na fundi wa hapa anasema imekufa, tusubiri mpaka Sabiri apate nafasi ya kununua nyingine. Sabiri mwenyewe wiki nzima yuko Uvinza kwenye kiwanda cha chumvi, anarudi Jumamosi jioni na Jumapili ameshaondoka. Basi nikamkumbuka jirani yetu wa huko nyumbani, Sadiki, ambaye siku hizi ni mhudumu wa behewa. Treni ikifika Kigoma huja kulala kwa shangazi yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Amekubali kuwa posta yetu. Wewe na marehemu baba mliandikiana miaka yote aliyokuwa kazini Mpanda, kwa hiyo mambo ya barua unayajua kuliko mimi.

Mtoto hajambo. Ananyonya, analala, na kitovu kimeanguka vizuri. Sabiri amempa jina la baba, Mfaume. Mama mkwe, Bi Shamila, ananihudumia kwa kila kitu. Ananikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na hataki nishike hata kikombe. Sina la kulalamika.

Najua ulitaka nije kujifungulia nyumbani, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Ni daktari aliyekataza safari, kwa sababu ya presha. Natumaini hukukasirika.

Sisi sote ni wazima.

Mwanao,
Zuwena


Isevya, Tabora,
9 Februari 2023

Zuwena mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kumsomea jirani ambaye hakuniomba.

Haya, mume wangu hajambo? Mwambie mke wake mkubwa yuko Tabora anamsubiri, asije akadanganywa na vibinti vya Ujiji. Jina la baba yako! Nililia, sikufichi. Je, masikio ni yale yale? Baba yako alikuwa na masikio ya kusikia mpaka habari za nyumba ya tatu. Analala vipi, kwa ubavu au chali? Akinyonya anashika titi lote au anabana ncha tu? Akibana ncha, mtoe kwa kidole umshike upya, usimwonee huruma. Kidonda cha kitovu kisipakwe kitu chochote, hata kama mtu mzima atasema. Bi Shamila simsemi, ni mwanamke mwenye heshima zake, ila hiyo ndiyo kazi yangu na mdomo wangu unaujua.

Mimi niko. Kazi ni nyingi mno. Tangu mradi uniajiri kuwatembelea wazazi wenye watoto wachanga, watoto wa Isevya wamesahau jina langu, wananiita Mama Hodi. Nikipita na baiskeli wanapiga kelele, "Hodi! Hodi!" na mimi nawajibu "Karibu!" mpaka tunacheka wote. Ni kweli lakini. Sialikwi popote. Napiga hodi, naomba maji ya kunywa, nakaa. Mtu akishakupa maji hawezi tena kukufukuza.

Juzi nilikuwa kwa Gangaben, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko, tuliponunua sare zako za shule. Mkwewe Urmi amejifungua binti. Nyumba nzima inanukia samli na tangawizi, wanampikia vitamu vya uzazi. Kila aingiaye anamuuliza Urmi, mtoto anaendeleaje, mtoto amelala, mtoto ana uzito gani, na yeye anajibu vizuri, vizuri, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Mumewe Jignesh anasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Mimi sikuuliza habari ya mtoto. Nilimuuliza, "Mama, umekula nini leo?" Akanitazama. Akaanza kusema, akashindwa, akalia kilio cha muda mrefu mpaka Gangaben akaja mbio. Vile vitamu vyote alikuwa anavifungia kwenye kanga na kuvificha chini ya mto. Alikuwa hajala kitu kwa siku mbili na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Nitarudi kwake Jumatatu.

Hapa watu wananisumbua: Mama Hodi, mjukuu kazaliwa, huendi Ujiji? Nawaambia nyumba ya mkwe haiendwi kama kisimani. Mama wa binti husubiri kuitwa. Tena hata ningeitwa, kwa kazi hizi ningetokaje? Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu.

Chumba chako nimekifunga. Nilikipaka chokaa mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa basi tu, kuta zilichakaa.

Nipe habari za mume wangu, zote, usibakize.

Mama yako,
Mwamvita


Ujiji,
14 Februari 2023

Mama,

Shikamoo. Barua imefika.

Mtoto analala kwa ubavu. Anashika titi lote. Masikio ni madogo bado. Hana homa, hana upele. Mama mkwe anasema hajaona mtoto mtulivu kama huyu.

Wanawake wa hapa wakija kunipongeza wanasema mimi nina bahati, mtoto wa mtaalamu, hakuna cha kufundishwa. Nawaambia ndiyo.

Najua kazi yako ni nyingi. Sikutegemea uje.

Urmi anaendeleaje? Na mama yake mzazi yuko wapi?

Sisi sote ni wazima.

Zuwena


Isevya, Tabora,
19 Februari 2023

Zuwena mwanangu,

Marahaba. Barua yako fupi kama mkia wa mbuzi, lakini najua mwenye kichanga hana mikono. Mume wangu ni mtulivu! Hapo sasa si jina tu, ni mtu mwenyewe. Baba yako aliweza kukaa kutwa bila neno, nikadhani amenuna, kumbe anafikiria paa.

Sadiki ananiambia umekonda. Nikamwambia, "Sadiki, wewe ni mtu wa mabehewa, mambo ya wazazi unayajulia wapi? Anayenyonyesha hukonda." Kula uji wa pilipili manga. Nakutumia ya kutosha humu kwenye mzigo, pamoja na asali ya Sikonge na doti mbili za kanga. Moja ni ya Bi Shamila, mpe kwa mikono miwili.

Umeniuliza mama wa Urmi. Subiri nikuchekeshe.

Kwa desturi yao ya zamani, mama akishamwoza binti yake, nyumbani kwa mkwe hali chakula na hata maji hanywi. Binti ameshatolewa, kwa hiyo kula kwake ni kama kudai kilichokwishatolewa. Kwa hiyo mama wa Urmi, ambaye yuko Shinyanga, alikuwa anakaa kwake anaumia kimyakimya. Basi Jumatatu nafika kwa Gangaben, namkuta mama mmoja mnene ameketi kwenye stuli karibu na kitanda cha Urmi, kikapu magotini. Ndani ya kikapu mna chupa za maji na kopo la chapati kavu. Amepanda basi kutoka Shinyanga na maji yake! Jignesh anamletea chai kwa heshima, mama anaishukuru kwa heshima, chai inapoa, Jignesh anairudisha jikoni, baada ya muda anamletea nyingine. Wote wawili wanajua haitanywewa. Jioni mama anakwenda kulala kwa ndugu yao Ratilal, nyumba ya nne, asubuhi yuko tena juu ya stuli. Gangaben ananinong'oneza kwa hasira, "Mwamvita, nyumba yangu ina mabomba matatu, na huyu ananibebea maji kutoka Shinyanga kama tuko jangwani!" Nilicheka nikatoka nje nikashika ukuta.

Urmi hajambo sasa. Anakula. Mama yake anamkatia tonge na kumngoja ameze. Hawaongei sana. Kliniki pia amepelekwa na nesi anamfuatilia.

Ndiyo dunia, kila mtu na mila zake.

Mimi Jumatano nakwenda Sikonge, vijiji vya ndani kabisa, kwa wiki mbili na zaidi. Mradi umenipa msichana wa kumfundisha kazi, anaitwa Julieth. Huko mtandao hakuna mpaka upande juu ya kichuguu na uelekee vizuri. Barua zako ziache zije tu hapa nyumbani, Sadiki atazipitisha chini ya mlango.

Arobaini ya mume wangu inakaribia. Sijui mmepanga nini. Siulizi, nasema tu.

Mama yako,
Mwamvita


Ujiji,
23 Februari 2023

Mama,

Shikamoo. Mzigo umefika. Mama mkwe amefurahi sana na kanga, anakushukuru na anakusalimu.

Mtoto hajambo.

Habari ya mama wa Urmi nimeisoma mara nyingi.

Sisi sote ni wazima.

Zuwena


Sikonge,
28 Februari 2023

Zuwena mwanangu,

Kama umeniandikia, barua iko chini ya mlango kule Isevya na mimi niko huku, kwa hiyo naandika kama kipofu. Dereva wa gari la asali ataifikisha hii kwa Sadiki.

Huku ni msimu wa tumbaku. Mabani ya kuikaushia yanatoa moshi kutwa, na nguo zangu zote zinanuka kama mzee mvuta kiko. Tunakwenda kwa baiskeli mimi na Julieth, njia imejaa maji, tunashuka na kusukuma zaidi ya tunavyopanda. Nyumba na nyumba ziko mbali. Nafika, nasema "Mwangaluka," wananiitikia, wananikaribisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu, kisha wanarudi kwenye Kinyamwezi chao na mimi nabaki na kikombe changu cha maji. Bibi zangu walikuwa Wanyamwezi na mimi nimekulia mjini sijui hata kuwajibu vizuri watu wa kwetu.

Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: safari hii nimejisikia mpweke. Zamani nilikuwa nikitoka kwenye nyumba yenye kichanga nanukia mtoto mpaka jioni, na nafurahi. Sasa nikimshika mtoto wa watu nafikiri, kuna mmoja ni wangu na simjui hata uzito wake mkononi. Jana nilimshika mmoja nikasahau kumrudisha, mpaka mama yake akacheka.

Julieth ni msichana mzuri, ana maswali mengi. Aliniuliza, "Mama, nitajuaje ni nani wa kukaa naye zaidi?" Nikamwambia: Mama anayelalamika usimwogope. Anayesema mgongo unauma, mume hasaidii, mtoto halali, huyo bado anajisikia na bado anakutegemea. Mwogope yule ambaye umeikuta nyumba imefagiwa, mtoto kaogeshwa kapakwa mafuta, na kila unachouliza anakujibu sisi sote ni wazima. Kwa huyo vua viatu, kaa chini, usiondoke. Julieth alilipenda neno hilo. Tangu hapo analirudia njia nzima.

Tukimaliza vijiji vya mwisho nitarudi Tabora tarehe tisa, siku ya arobaini yenyewe. Najua mna shughuli ya kumtoa mtoto nje. Mimi si mama wa kujipeleka, na mkwe wangu ni kijana mwenye haya, sitaki aone nimekuja kukagua nyumba yake. Ila kama kungekuwa na neno, Sadiki angeweza kulibeba.

Mbusu mume wangu kwenye utosi. Niandikie kama utosi unapumua vizuri, usiwe umebonyea.

Mama yako,
Mwamvita


Ujiji,
5 Machi 2023

Mama,

Shikamoo.

Simu yangu haikutumbukia kwenye ndoo. Ipo kabatini, chini ya mashuka, nimeizima. Sabiri nilimwambia kelele zake zinamwamsha mtoto. Nilichagua barua kwa sababu kwenye simu ningesema shikamoo tu na wewe ungejua. Nimekuwa nikiandika "sisi sote ni wazima" halafu naisoma kuona kama inaaminika. Leo Sadiki ameniletea barua yako ya Sikonge. Nimefika pale unapomfundisha Julieth, nikaikunja, nikaikunjua tena. Ni maneno yangu mwenyewe, mama. Umeyaandika kwa mkono wako na hukuyaona.

Kwanza usiogope. Sijamdhuru mtoto, wala mimi sijajidhuru. Lakini simpendi. Au sijui kama nampenda, sijui inapaswa kuwaje. Namwogesha kama ninavyoosha vyombo, safi kabisa, nakwangua hata pembeni. Namtazama naona mtoto wa watu ambaye nimeachiwa nimshikie, na mwenyewe amechelewa kurudi. Jina lake halinitoki mdomoni. Ndiyo maana kwenye barua naandika "mtoto". Akilia, mama mkwe anamchukua kabla sijainuka, kwa wema kabisa, ananiambia pumzika mwanangu. Basi napumzika. Napumzika tangu asubuhi mpaka usiku nikitazama dari. Chakula ananiletea, nakula vijiko viwili mbele yake, kingine nampa paka dirishani. Paka amenenepa. Unaona, Urmi aliweka chini ya mto, mimi nina paka.

Nitamwambia nani? Wanawake wakija wananiomba mimi ushauri juu ya watoto wao. Mtoto wa mtaalamu. Sabiri akirudi Jumamosi ananikuta nimevaa vizuri na nyumba imetulia, anamshukuru Mungu na kulala. Nilimgusia siku moja kwamba tukuite. Akasema kukuita wewe, mama mkwe wake, katika kipindi kama hiki ni kama kumtuma kazi, huyu mama kutwa yuko kwenye kazi hiyo hiyo, tumwonee haya. Na wewe kila barua unaniambia kazi ni nyingi. Basi nikasema, haya.

Wiki iliyopita nilitoka. Ndani ya arobaini, mama, mtu hatoki, na mimi nilitoka. Nilimwachia mama mkwe mtoto nikasema naenda uani. Nikapita uani nikatokea barabarani, nikapanda bodaboda mpaka stesheni Kigoma. Sikuwa na nauli ya treni, sikuwa na begi, sikuwa na kanga ya pili. Nilikaa kwenye benchi. Treni ya kuja kwenu ikapakia watu, ikaondoka. Mama mmoja mfagiaji akanifagilia miguuni akasema, "Dada, imeshaondoka." Nikamwambia najua. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni. Nikarudi. Mama mkwe alinitazama miguu yangu yenye vumbi, na tangu siku hiyo analala chumbani kwangu, mlangoni.

Barua zako zote ninazo. Leo nimezipanga kitandani nikazisoma moja moja nikitafuta kitu. Umemuuliza mume wako anavyolala, anavyonyonya, masikio, kitovu, utosi. Nimetafuta swali langu sikuliona. Urmi ulimuuliza. Mtu wa duka la vitambaa.

Na jambo la pili nitalisema, kwa kuwa nimeshaanza. Nyumba zote za Isevya na Cheyo unaingia bila kualikwa. Unaomba maji unakaa. Wewe ni Mama Hodi wa watu wote, na kwangu tu unasubiri mwaliko. Mama wa Urmi alikatazwa hata maji, akabeba yake akaja. Uliponiandikia ulicheka. Mimi sikucheka.

Sijui kama nitampa Sadiki barua hii. Nikimpa, utaikuta ukirudi, na arobaini itakuwa imepita.

Zuwena


Ndani ya treni, tumesimama Kaliua,
10 Machi 2023

Zuwena mwanangu,

Jana jioni nimefika kutoka Sikonge na matope mpaka magotini. Barua zako mbili zilikuwa chini ya mlango. Ya juu niliifungua nimesimama, kama kawaida yangu, lakini sikuweza kuimaliza nimesimama.

Siku kama tatu barua hiyo ililala kwenye sakafu yangu, na mimi niko Sikonge namfundisha Julieth.

Sikupiga simu kwa Sabiri kuomba ruhusa. Sikuenda kwa mzee yeyote kuuliza desturi inasemaje. Leo asubuhi nilipita kwa Gangaben kumuaga, kwa kuwa zamu ya Urmi ilikuwa yangu. Nikamwambia kwamba Julieth ataendelea nayo. Gangaben hakuniuliza naenda wapi. Alinitazama kikapu, akachukua chupa yangu, akaijaza mwenyewe kwenye bomba lake, akafunga kifuniko kwa nguvu.

Basi niko njiani. Wazee wetu waliipita njia hii kwa miguu, mizigo kichwani, mwezi mzima na zaidi, wengine hawakufika. Mimi nimekaa kwenye kiti na bado naona treni inatambaa. Sadiki amekuja kunitazama mara nyingi. Alisema kwa upole, "Nilikuambia amekonda, Bi Mwamvita." Nikamwambia, "Uliniambia." Mganga hajigangi, watu husema, na mimi nilikuwa nikidhani ni maneno ya kuwasema wengine.

Sasa nisikilize. Hayo uliyoniandikia nimeyasikia Isevya, Cheyo na Sikonge, kwa waliosoma na wasiosoma, na kwa mmoja ambaye leo mtoto wake yuko darasa la pili na hawaachani. Si laana, wala si kwamba una moyo mbaya. Ni ugonjwa wa uzazi, unajulikana na unatibika, na tutakwenda kliniki mimi na wewe, tukae kwenye benchi pamoja mpaka tuitwe. Kumpenda kutakuja. Kukichelewa, nitakuwepo nikingoja na wewe. Na Bi Shamila aliyelala mlangoni kwako, huyo nitampigia magoti.

Ulisema ukweli, na umeniuma, na ulistahili kuusema. Nilitaka kuitwa. Kila barua nilikuwa nakungoja uniite, nikaficha kwa kusema kazi ni nyingi. Nilinunua hata viatu vya kuja navyo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni kaa kwako mpaka uandikiwe.

Nimebeba maji yangu. Nimebeba unga wangu wa uji, pilipili manga, na sufuria ndogo yenye mpini uliovunjika unayoijua. Sabiri akiona haya, nitalala kwa shangazi yake Sadiki na asubuhi nitakuwa juu ya stuli. Akiniletea chai nitaishukuru mpaka ipoe. Yote nitayafanya, lakini siondoki.

Treni imepiga honi. Nikifika sitamtuma mtu. Nitaipitisha barua hii chini ya mlango wako kwanza, kisha nitapiga hodi, na nitasubiri uisome. Najua ulivyo. Ukisikia sauti yangu tu utaanza kumvika mtoto nguo nzuri na kutandika kitanda. Usitandike kitu. Mtoto nitamwona baadaye, mume wangu ana maisha marefu, atanisubiri.

Wewe umekula nini leo?

Usinijibu kwa barua. Nifungulie mlango.

Mama